UZI: Mtambo ukiandika "hakuna mawasiliano", pima waya kabla hujanunua kompyuta

Fundi Kondele (mwenye uzi)

Habari za jioni, wakuu. Nimetoka Ahero sasa hivi, buti zangu bado zimegandwa na ule udongo mweusi wa Kano, na nisipoandika leo sitaandika tena.

Eskaveta ya tani 20 ilikuwa imekaa kando ya mtaro siku tisa. Siku tisa, mvua iko mlangoni, vibarua wamerudishwa makwao. Skrini inasema hakuna mawasiliano na injini. Fundi aliyenitangulia akaamua kwamba kompyuta ya injini imekufa. Mwenye kazi akatafuta nyingine iliyotumika, akalipa, ikafungwa, na skrini ikaandika maneno yale yale. Nilipofika nikakuta wanajadili wapi watapata ya tatu.

Ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili nzima. Kilichoharibika kilikuwa sehemu ya waya isiyozidi upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, nyuma ya pampu ya haidroli. Klampu ilikuwa imepoteza mpira wake, chuma kikabaki kikisaga ganda la waya kila mtambo ukitetemeka. Shaba ilikuwa imetokeza nje inang'aa kama pete mpya. Opareta aliniambia kwamba kwa wiki mbili hivi skrini ilikuwa ikizima na kurudi yenyewe, hasa akichimba penye mawe, na hakuna aliyemuuliza. Mwishowe shaba ikaegemea bodi, yaani chuma cha mtambo, moja kwa moja na laini yote ikanyamaza. Kutengeneza kulichukua chini ya saa moja. Kutafuta kulichukua saa nne.

Naandika kwa sababu hii si mara ya kwanza wala ya pili kumkuta mwenye mtambo amelipia sanduku lisilo na kosa. Kutoka Busia hadi Salgaa hadithi ni hiyo hiyo. Sanduku linalaumiwa kwa kuwa linaonekana na lina bei. Waya umejificha ndani ya mpira mweusi chini ya matope, na kuufikia lazima ulale chali.

Kwa wanaoanza, tuelewane kwanza. Mitambo ya zamani kila kazi ilikuwa na waya wake: geji ya joto waya wake, geji ya oili waya wake. Siku hizi injini ina kompyuta, haidroli ina yake, giaboksi ina yake, skrini nayo ina yake, na zote zinaongea kwa nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Utaratibu huo ni CAN. Bosch ya Ujerumani ilianza kuubuni 1983 ikautangaza Detroit 1986, na nia yake ya kwanza ilikuwa magari madogo. Kwenye malori na mitambo yetu tunakutana zaidi na lugha inayopanda juu ya CAN, nayo ni J1939, iliyowekwa na chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE. Waya mmoja tunauita CAN ya juu, wa pili CAN ya chini. Mara nyingi wa juu ni wa manjano na wa chini wa kijani, lakini usiapie rangi. Fungua mchoro wa mtambo wako.

Kabla hujashika mita, soma nani analalamika na analalamika juu ya nani. Fikiria kikao cha wazee chini ya mti. Wote wakisema "mzee wa injini hatumsikii", na wao kwa wao wanasikilizana, basi huyo mzee ndiye ana shida: nenda ukaangalie fyuzi zake, umeme wake, waya wake wa arthi. Lakini kila mmoja akisema hamsikii yeyote, usimfuate mtu mmoja. Hapo uwanja wenyewe ndio mbovu, yaani zile nyaya mbili. Kule Ahero skrini iliitaja injini kwa herufi kubwa kwa kuwa ndiyo inayoitafuta kwanza. Nilipofungua orodha ya misimbo ya makosa ndani, nikakuta kila kompyuta inamlilia kila mwenzake. Hiyo peke yake ilitosha kumzuia mtu asinunue kitu.

Tujadiliane, wakuu. Aliye na mtambo uliolala alete dalili hapa.

Nakuru Dizeli

Fundi, heshima yako. Nakuunga mkono nusu. Kompyuta zinakufa kweli, mimi nimefungua zilizojaa maji ndani kama mtungi. Tukisema kila mara ni waya, tutamfanya mwenye mtambo alipie saa nyingi za kutafuta kitu ambacho hakipo. Halafu watu wengi humu hawana laptopu wala programu za kampuni. Wape namba. Mtu aliye na mita ya kawaida apime nini, wapi, na akipata ngapi aamue nini?

Fundi Kondele

Swali la haki. Tuchukue mita, hata ya bei ndogo, ila betri yake iwe mpya.

Zima mtambo, toa ufunguo, kata umeme kwa swichi kuu, kisha subiri dakika kadhaa. Usipime ukinzani umeme ukiwa hai. Mita itakupa namba, na namba hiyo itakudanganya. Nenda kwenye soketi ya kupimia. Ile ya mviringo yenye pini tisa inayofuata J1939, pini C ni CAN ya juu na D ni CAN ya chini. A ni hasi ya betri, B ni chanya. Natilia mkazo "inayofuata J1939", kwa sababu kuna mitambo yenye soketi ya umbo hilo hilo lakini pini zimepangwa kivingine. Ukichomeka kwa mazoea unaweza kupeleka volti 24 mahali pasipostahili.

Pima kati ya nyaya mbili. Unatafuta ukinzani wa omu 60. Kila mwisho wa laini una resista (kijipande cha ukinzani) ya omu 120, na mbili zikiwa sambamba zinatoa nusu. Zimewekwa kwa sababu data inakwenda mbio, biti 250,000 kwa sekunde kwenye mitambo mingi na 500,000 kwenye baadhi ya mipya. Waya wenye mwisho mtupu unarudisha ishara nyuma, kama unavyopiga kelele ndani ya kwari na ukuta wa mawe unakurudishia sauti yako juu ya maneno unayoendelea kusema. Resista inaumeza huo mwangwi.

Ukipata 120, resista moja haipo au waya umekatika njiani. Ukipata 40 hivi, kuna mtu ameongeza ya tatu. Karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Maelfu ya omu, resista zote mbili hazionekani kutoka hapo ulipo.

Sasa mtego, ule ulionila saa mbili kule Ahero. Nilipata 60. Sawasawa kabisa. Mwenye haraka hapo hukunja mita na kusema waya ni mzima, kwa hiyo ni kompyuta. Nadhani ndivyo alivyofanya mwenzangu, na simshangai, maana wengi tulifundishwa kuishia hapo. Lakini 60 inakueleza habari ya nyaya mbili baina yao tu. Haikuelezi kama mmoja wao umeegemea bodi. Peleka ncha moja ya mita kwenye CAN ya juu na nyingine kwenye chuma cha mtambo ulichokisugua mpaka kikawa cheupe. Panapaswa kuwa na maelfu ya omu. Mimi nilipata chini ya omu moja. Nikahamia CAN ya chini, ikasoma 60, kwa sababu ilikuwa inapita kwenye resista kumfikia mwenzake aliyekuwa ameanguka chini. Hapo nikajua ni waya upi.

Baadaye washa ufunguo, injini ikiwa imezimwa, upime volti za kila waya dhidi ya bodi. Nyaya zikitulia, zote mbili ziko kama 2.5. Zikiongea, ya juu inapanda hadi 3.5 na ya chini inashuka hadi 1.5, lakini mita haiwezi kufuata mbio hizo, inakupa wastani tu. Kwa hiyo laini isiyo na kosa itakuonyesha ya juu kama 2.6 au 2.7, ya chini 2.3 au 2.4, na ukijumlisha unakaribia 5. Ya juu ikiwa sifuri, imeshika bodi. Ikiwa karibu na 24, imeshika umeme wa betri. Ya chini ikizidi ya juu, kuna mtu alikata waya akaunganisha kwa kubadilisha, na kosa hilo ukinzani wa 60 hautakuonyesha hata ukipima mwaka mzima.

Kupata mahali penyewe ni kugawa. Nilivua konekta moja moja, kijana wangu akiwa ameshika mita. Ya skrini, bado sifuri. Ya haidroli, bado. Nilipovua ile kubwa iliyo nyuma ya chumba cha pampu, upande wa kabini ukapona, upande wa injini ukabaki sifuri. Eneo limepungua nusu. Nikaweka mita kwenye mlio, nikaanza kuinua hanesi, yaani fungu la nyaya, kwa mkono shubiri kwa shubiri kuelekea injini. Mlio ukakatika nilipoinua waya kwenye klampu. Nikaurudisha, mlio ukarudi. Nikaita kila mtu aje aone.

Angalizo kwa wanaogawa: mitambo mingine resista ya mwisho imo ndani ya kompyuta yenyewe. Ukivua konekta ya kompyuta hiyo umeondoa na resista, na mita itapanda hadi 120. Usije ukashangilia kwamba umepata ugonjwa, kumbe umeusababisha wewe.

Nakuru Dizeli

Hiyo ya CAN ya chini kusoma 60 dhidi ya bodi sikuwa nimeifikiria. Nakubali. Lakini jibu na upande wangu: nimepima yote hayo, laini haina kosa, na mzee mmoja bado haongei. Hapo nisinunue?

Fundi Kondele

Bado hatua moja, mkuu. Pima umeme wa kompyuta hiyo ukiwa umebeba mzigo. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 24 vizuri sana kwenye mita, kwa sababu mita haivuti kitu. Vua konekta ya kompyuta, chukua balbu ya taa ya mbele ya volti 24, ifunge kati ya pini ya umeme na pini ya arthi upande wa hanesi. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzima. Ikiwaka kama mshumaa, umepata mgonjwa wako. Nimekuta arthi iliyofungwa juu ya rangi, bolti imekaza kabisa, na chini yake kutu.

Balbu hiyo ni ya pini za umeme tu. Nyaya za data usiziguse na balbu wala taa ya majaribio hata mara moja, zitavuta mkondo ambao sakiti ndogo ya ndani haikuumbwa kuubeba.

Pia ujue kompyuta inaweza kujinyamazisha. CAN ina hesabu ya makosa ndani ya kila mshiriki. Hesabu ya kutuma ikipita 255 anajitoa kwenye laini ili asiwavuruge wengine. Ukimkuta kimya kwa sababu hiyo, si maiti. Alikuwa anapigana na waya mbovu akashindwa. Tengeneza waya, zima, washa, utamsikia.

Yote hayo yakipita na bado kimya, nunua. Nitakusindikiza.

Opareta wa Mlimani

Mimi si fundi, naendesha shoveli kule Mau Summit. Asubuhi na baridi ya huku nikipiga stata skrini inajaa misimbo ya mawasiliano, sita au saba. Injini ikishashika, mtambo unafanya kazi siku nzima bila shida. Fundi alikuja akabadilisha skrini. Misimbo bado inakuja. Nifanye nini?

Fundi Kondele

Opareta, asante kwa kusema wakati inapotokea, hiyo ni nusu ya kazi. Baridi inadhoofisha betri na inafanya oili kuwa nzito. Stata inavuta, volti zinaanguka, kompyuta zinazimika na kuwaka tena kila moja kwa wakati wake, na katika sekunde hizo kila moja inaandika kwamba haikuwasikia wenzake. Misimbo hiyo ni kumbukumbu, si ugonjwa ulio hai. Skrini nyingi zinatenganisha misimbo inayoendelea na iliyohifadhiwa. Mwambie fundi aweke mita kwenye betri wewe ukipiga stata, na aangalie pia kutoka hasi ya betri hadi bodi ya injini. Betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata 24, moja ikichoka inaiangusha na mwenzake. Apime kila moja peke yake.

Dada Saketi, Bungoma

Nimesoma mwanzo hadi hapa na ningependa kuongeza mambo yanayonisumbua kila wiki.

La kwanza ni kutoboa waya. Fundi anataka kupima, anachukua sindano anachoma ganda. Amepata namba yake, ameondoka, ameacha tundu. Mvua ya huku kwetu haikosi kuingia. Miezi michache baadaye nakata hanesi nakuta shaba imegeuka unga wa kijani sentimita kumi kila upande wa tundu, ganda likiwa zuri kwa nje. Hata sasa ninao mezani waya mmoja wenye matundu matano yaliyopangana. Ingiza pini nyembamba kutoka nyuma ya konekta, kando ya mpira wa kuzuia maji, bila kuutanua. Ukishindwa, vua konekta.

La pili, wachomeleaji. Ndoo imepasuka, mchomeleaji anaitwa, anafunga arthi yake popote anapoona chuma, anachoma. Mkondo unatafuta njia ya kurudi, ukipita kwenye bearingi unaila, ukipita kwenye kompyuta unaichoma. Zima swichi kuu, vua nyaya za betri, vua konekta za kompyuta, na arthi ya kuchomelea ifungwe karibu kabisa na pale panapochomwa. Hapa namuunga mkono Nakuru Dizeli, kompyuta nyingi nilizozikuta zimekufa kweli zilikufa kwa kuchomelewa.

La tatu ni mashine ya kuoshea kwa presha. Vijana wanapenda mtambo ung'ae Jumamosi. Maji ya presha yanapita kwenye mpira wa konekta, Jumatatu tunapigiwa simu.

Na panya. Mtambo uliolala karibu na shamba la miwa mwezi mzima, fungua kila kifuniko kabla ya kuwasha.

Kitu kimoja nikusahihishe, fundi, kwa heshima. Mita ina mwisho wake. Kelele kwenye laini, kwa mfano ya altaneta (ile inayochaji betri) yenye diodi mbovu, mita haitaziona. Itakupa wastani mzuri tu wa volti. Nilihangaika na roli moja iliyokuwa inapoteza mawasiliano injini ikizunguka kwa kasi kubwa tu. Namba zote nzuri. Nilipoazima osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, nikaona mawimbi yamechafuka. Nikavua mkanda wa altaneta, nikawasha, yakawa safi.

Fundi Kondele

Dada Saketi, umesahihisha vizuri na nimepokea. Ile njia ya kuiondoa altaneta kazini kwa dakika chache hata asiye na osiloskopu anaweza kuitumia. Ila kwenye injini ambayo mkanda huo huo unazungusha pampu ya maji, usiivue. Tenganisha waya wa altaneta injini ikiwa imezimwa, uzibe ncha yake vizuri ndipo uwashe.

Niongeze kuhusu kuunganisha. Ukikata nyaya za data, msokoto urudi ulivyokuwa, kwa kuwa kusokotana ndiko kunakofanya kelele izipate nyaya zote mbili sawasawa na kufutika. Nimekuta kiungo ambacho nyaya zimenyooshwa zikaachwa wazi kama masikio ya punda, zimefungwa tepu nyeusi. Kata kila waya mahali tofauti ili viungo visikae bega kwa bega. Bana kwa koleo la kazi hiyo na uvike mpira wa kusinyaa ulio na gundi ndani. Solda kwenye mtambo unaotetemeka mimi siipendi: waya unakuwa mgumu pale solda inapoishia na unakatikia hapo hapo.

Binti Spana, Kakamega

Mwalimu, habari yako, na nyote wakubwa. Mimi ni mwanagenzi, mwaka wa pili kazini. Tuna greda kwenye barabara ya changarawe upande wa Shinyalu. Gia zinakataa kupanda, mara inakubali, mara inashuka yenyewe. Msimbo ni SPN 190 FMI 9. Mkubwa wangu alisoma SPN 190 ni mzunguko wa injini, tukabadilisha sensa ya mzunguko. Siku ya pili msimbo ukarudi. Sasa anasema ni kompyuta ya giaboksi na bei aliyopewa imemfanya akae chini. Nimesoma uzi huu usiku, asubuhi nikaomba nipime. Nimepata 120.5.

Fundi Kondele

Dada, umefanya kazi nzuri kupima kabla ya kuuliza. Tuanze na msimbo. SPN inataja kitu, FMI inataja aina ya kosa. Mngekuwa na FMI 3, 4 au 5, hapo ni habari za volti na mkondo, na mngekuwa na haki ya kuishuku sensa au waya wake. FMI 9 inasema taarifa haifiki kwa wakati wake. Yaani kompyuta ya giaboksi inalalamika kwamba injini haimtumii habari ya mzunguko kwa wakati. Sensa haihusiki kabisa. Ukiona SPN 639 nayo, hiyo inataja laini yenyewe ya J1939. Angalia kama iko kwenye orodha.

Na 120 imekueleza: resista moja haionekani. Laini fupi inaweza kuendelea kuongea na resista moja, lakini kwa kujikwaa, ndiyo maana gia mara zinakubali mara zinakataa. Swali langu: kuna kitu chochote kimefungwa kwenye greda hilo hivi karibuni? Redio, taa, traka?

Binti Spana, Kakamega

639 ipo. Traka imefungwa mwezi uliopita, mwenye greda alitaka kuona linapozunguka na mafuta linayokula. Aliyefunga alikuja na pikipiki akamaliza kwa dakika ishirini.

Fundi Kondele

Itafute traka hiyo, ufuate waya wake mpaka unapoingia kwenye hanesi ya greda. Usivue kitu, niambie umeingia wapi na konekta hiyo ina sura gani.

Binti Spana, Kakamega

Nimeingia chini ya kabini. Waya wa traka umechomekwa kwenye konekta ndogo ya pembetatu yenye pini tatu, na hanesi inaishia hapo, haiendi mbele. Nikamuuliza opareta palikuwa na nini kabla. Akasema palikuwa na kifuniko tu, yule kijana akakitoa. Akaenda kwenye sanduku lake la spana, akatoa mkebe wa maziwa wenye nati na washa, akamwaga kwenye gunia. Kimo humo! Kidude cha plastiki, kinatoshea kiganjani, kina pini ndani lakini hakuna waya unaotoka upande wa pili. Opareta alikihifadhi kwa sababu alisema hakifanani na kitu cha kutupwa.

Dada Saketi, Bungoma

Mshukuruni opareta huyo. Pima hicho kidude chenyewe kati ya pini zake, mbili mbili.

Binti Spana, Kakamega

Pini A na B zinasoma 119.8.

Fundi Kondele

Hiyo ndiyo resista yenu. Safisha pini kwa dawa yake, usitumie msasa. Kichomeke mahali pake, zima umeme, pima tena. Traka isikae mwishoni mwa laini, na resista isiondolewe kwa ajili yake. Ipewe tawi lake. Kwa waya wenye kinga, J1939 inataka tawi lisizidi mita moja, kwa hiyo lile furushi la waya lililokunjwa chini ya kiti lifupishwe. Na kama traka yenyewe ina resista ndani, mtaona mita ikishuka hadi 40. Ikiwa hivyo, rudi hapa.

Nakuru Dizeli

Nafuatilia. Nina greda la namna hiyo hiyo uani, linasubiri kompyuta ya giaboksi niliyoagiza. Kesho asubuhi naingia chini ya kabini kabla ya kufanya lingine lolote.

Binti Spana, Kakamega

Mwalimu, 60.2 na traka ikiwa imeunganishwa kwa tawi fupi. Volti ya juu 2.65, ya chini 2.36. Tumefuta misimbo, greda limeingia kazini saa nne asubuhi. Saa tisa mvua ikanyesha kama kawaida ya huku, tukasimama, tukaendelea. Gia zote zinapanda na 639 haijarudi mpaka tunafunga jioni. Mkubwa wangu amepiga simu kusimamisha ile kompyuta. Kidude nimekifunga kwa kamba mbili za plastiki, na juu yake nimeandika kwa rangi nyeupe: USITOE.